Dua Isiyosomwa

Katika ofisi ya safari ya Hadji Aboubakar, kwenye barabara ya Luano, hakuna lori lililotoka uwanjani bila dua, na hakuna dua iliyonakiliwa. Hadji mwenyewe ndiye aliyekataza. Mtu anaweza kunakili amri, namba ya mzigo, hata salamu za Idi, alisema, lakini dua iliyobandikwa na mashine ni sawa na kumpa mwenye njaa picha ya bukari, yaani ugali. Kwa hiyo kila ujumbe uliotoka ofisini kwenda kwa dereva ulianza na mstari wa Kiarabu ulioandikwa upya, herufi kwa herufi, na chini yake ndipo ilipokuja amri kwa Kifaransa: pakia hapa, simama pale, toa ripoti ukifika. Hadji alikuwa amezeeka na hakuja tena kazini, lakini desturi yake ilibaki, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mwandishi alikuwa Sofia, mjukuu wa fundi cherehani wa Kamalondo ambaye wazee wake walitoka Kasongo, huko Maniema. Babu huyo aliwafundisha Sofia na mdogo wake Asumani kusoma Kurani, na alipomaliza hilo akawafundisha jambo la pili ambalo vyuo vingine vya mjini vilikuwa vimeliacha: kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili barua za kwenda kwa ndugu wa Kasongo zisomwe na wenyewe tu. Ndugu hao walikufa mmoja mmoja, barua zikakoma. Wakabaki dada na kaka, pengine wa mwisho Lubumbashi nzima, walioweza kusoma maandishi hayo bila kusitasita. Asumani alisoma vizuri zaidi. Alikuwa mdogo, lakini ndiye aliyemsahihisha dada yake mbele ya babu, na utamu wa jambo hilo haukuwahi kumtoka.

Kibodi ya ofisi ilinunuliwa Dubai. Kila kitufe kilikuwa na herufi mbili, ya Kifaransa na ya Kiarabu. Hapo mwanzo Sofia alibadilisha lugha kwa kubofya, akaandika dua, kisha akasahau kuirudisha. Siku moja dereva aliyekuwa Likasi alipokea amri nzima ya kupakia saruji ikiwa ni rundo la herufi za Kiarabu zisizosema kitu, akalala barabarani akingoja maelezo. Ndipo akaitwa Bwalya, fundi wa kompyuta. Bwalya alikiondoa kitufe cha herufi kubwa kwenye kazi yake ya kawaida akakipa nyingine: ukikibonyeza na kukishikilia, kibodi ni ya Kiarabu, ukikiachia, inarudi Kifaransa palepale.

"Njo kama kengele ya mulango, mama," alimweleza. "Ukiacha, inanyamaza. Hautasahau tena."

Tangu siku hiyo kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha Sofia kilikuwa na kazi yake. Kilibonyeza na kukaa chini wakati vidole vingine vikiandika dua, kisha kikainuka, na Kifaransa kikaanza. Jioni kilimuuma mpaka kwenye kiwiko.

Madereva hawakuisoma dua hiyo. Waliiona juu ya kioo kidogo kilichofungwa karibu na usukani, wakaruka macho mpaka kwenye Kifaransa, wakajibu neno moja. Asumani, ambaye naye aliendesha lori la Hadji, alijibu "Amina" kabla mtu hajapata muda wa kuvuta pumzi. Elisée Musonda, Mkatoliki asiyekosa misa, alijibu "Amen". Hata ujumbe wa mwisho aliopokea Elisée alikuwa ameujibu hivyo.

Elisée aliuawa mvua za kwanza zilipoanza, mbele ya mji mdogo wa Kasomeno, kwenye njia ya zamani ya mashamba. Lori lilikutwa tupu. Yeye alikutwa kwenye majani, mikono ikiwa imefungwa kwa mkanda wake mwenyewe. Sofia ndiye aliyekuwa ameandika amri ya kumtoa kwenye barabara kuu, kwa sababu mkuu wa safari, chef Kalaba, alimwambia kwamba daraja la mbele lilikuwa linatengenezwa. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Baada ya hapo Kalaba aliweka sheria mpya: simu za wafanyakazi wa ofisi ya safari zikae kwenye droo yake mpaka jioni, na ujumbe wote upite kwenye kompyuta moja, ambayo alichoandika Sofia kilionekana palepale kwenye skrini kubwa ya ukutani. Ni usalama, alisema. Kuna mtu anauza habari zetu.

Sofia hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na habari moja iliyomkera, akaiweka pembeni kwa sababu ilikuwa peke yake. Mama Angélique, muuza samaki wa Kasenga aliyepanga chumba kwenye ua wao, alisema kwamba siku ile ile aliyokufa Elisée yeye alivuka daraja hilo akiwa juu ya magunia ya samaki, na hakuona fundi wala koleo. Aliona mbuzi. Sofia alijiambia kwamba huenda mama wa watu alichanganya siku.

Asubuhi hii Asumani aliondoka akiwa amebeba betri za minara ya simu kwenda Pweto, mzigo unaouzika popote bila maswali. Kwenye skrini ya ukutani lori lake lilikuwa nukta ya kijani iliyotambaa kuelekea kaskazini. Kalaba alikuwa kwenye meza yake kando ya mlango, akimenya karanga. Alikuwa mtu msafi, shati limepigwa pasi, asiyepaza sauti.

"Sofia," alisema, "lori ya Asumani iko na turubai ya rangi gani?"

"Ya bluu, chef."

"Aksanti."

Alijifuta mikono, akachukua simu yake, akatoka barazani. Ndege ilikuwa inashuka uwanja wa Luano na madirisha yalitetemeka, lakini ngurumo ilipoisha Sofia alisikia maneno mawili ya mwisho kupitia wavu wa dirisha: "Ya bluu."

Mikono yake ikasimama juu ya kibodi. Kabla ya leo alikuwa ameulizwa swali hilo mara moja tu maishani, katika chumba hiki, na mtu huyu. Siku ile alijibu: ya kijani, chef. Lilikuwa lori la Elisée.

Hakuna mkuu wa safari anayehitaji rangi ya turubai. Ana namba ya lori, ana jina la dereva, ana nukta kwenye ukuta. Rangi inahitajiwa na mtu aliyelala kwenye majani akingoja kitu kipite.

Kalaba alirudi, akakaa, akachukua karanga nyingine.

"Bon," alisema. "Andikia Asumani. Pont iko mu travaux. Akipita Kasomeno, aache grande route, ashike njia ya zamani."

Jambo likitokea mara moja, limetokea. Likirudi na maneno yale yale, kuna mtu analifanya.

"Tena, chef? Ile daraja haijaisha?"

"Mu Congo hii, pont inaishaka?" Kalaba alicheka kidogo. "Andika, mama. Iko anakaribia."

Alipima aliyokuwa nayo. Simu yake ilikuwa kwenye droo ya Kalaba. Mlango ulikuwa nyuma ya kiti cha Kalaba. Akikataa, Kalaba angeandika mwenyewe, na Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko cha Sofia. Akikimbia, Kalaba angejua, na amri ingeenda vilevile, na Asumani angeitii kama Elisée alivyoitii. Kilichobaki ni mstari wa juu. Mstari ambao mtu huyu alikuwa ameuona kila siku na hakujua kuusoma.

Kidole kidogo kikashuka kwenye kitufe na kukishikilia. Alama ndogo kwenye pembe ya skrini ikageuka. Sofia akaandika Bismillahi kama kawaida, polepole, na pale ambapo dua ya safari ilipaswa kuanza, vidole vyake vikaacha Kiarabu cha babu vikaingia Kiswahili cha babu, kwa herufi zile zile: Usiache barabara kuu. Hii ndiyo njia ya Elisée. Baki Kasomeno penye watu.

Alisikia mapigo ya moyo wake ndani ya kile kidole. Aliogopa kwamba mapigo yenyewe yatakiinua. Nyuma yake kiti cha Kalaba kililia, kisha zikaja hatua za viatu vya ngozi, kisha harufu ya karanga.

"Leo dua iko murefu," Kalaba alisema juu ya bega lake.

"Safari ya Pweto iko murefu, chef. Na dua inafuata."

"Ah, bale bantu ba Hadji!" Akapiga mluzi mdogo. Hakuondoka.

Sofia akainua kidole. Kifaransa kikarudi. Akaandika amri kama alivyoambiwa, neno kwa neno, kwa sababu Kalaba alikuwa akiisoma, kisha akatuma.

Jibu likaja palepale, kabla hajaondoa mkono: "Amina. Compris, chef."

Kalaba aliguna kwa kuridhika na kurudi kwenye kiti chake. Sofia alibaki akilitazama neno hilo. Alijua haraka hiyo. Mtu aliyesoma mstari ule asingeweza kujibu hivyo wala upesi hivyo. Asumani alikuwa ameruka macho kama siku zote, akaona Kifaransa, akaelewa Kifaransa. Alikuwa amesema Amina juu ya onyo la kifo chake mwenyewe, naye sasa alikuwa akielekea huko, pengine akiimba.

Nukta ya kijani ilitambaa. Jina la Kasomeno lilikuwa juu yake kidogo kwenye ramani, na mbele ya Kasomeno mstari mwembamba wa kijivu uliingia kushoto porini. Siku ya Elisée Sofia alikuwa ameiona nukta ikiingia mstari huo wa kijivu. Ilienda kidogo ikasimama. Alidhani anakula.

Kuandika onyo lile lile mara ya pili kusingesaidia kitu. Mtu haangalii anachokijua. Asumani angeliangalia pale tu ambapo pamekosewa, na Sofia alikumbuka chumba cha babu, mkeka, Asumani mwenye miaka michache akijitupa mbele kwa furaha kila dada yake mkubwa, yaya wake, alipojikwaa kwenye neno: si hivyo, yaya, si hivyo! Kaka yake angeweza kupita juu ya dua elfu zilizoandikwa sawa. Dua iliyoharibika hangeweza kuipita. Angesimama aicheke.

Lakini ili atume tena alihitaji sababu.

"Chef," alisema. "Asumani hajapitaka ile njia. Atajuaje inaanzia fasi gani? Atapotea na mizigo ya bantu."

Kalaba akaonekana kukubali kwamba ni kweli, na hilo lilimtisha Sofia kuliko kama angekataa.

"Muambie hivi: nyuma ya duka la mabati mekundu, kushoto. Anafuata mpaka ku kamuto kadogo. Pale asimame, angoje."

"Angoje nini, chef?"

"Angoje." Kalaba alivunja ganda la karanga. "Nitamuongoza miye."

Ndivyo Sofia alivyopata alichokuwa bado hana. Katika amri ya Elisée hapakuwa na mto wala kungoja. Sasa alijua hata mahali.

Alibonyeza kitufe. Bismi, aliandika, na katikati ya neno akakiinua kidole, makusudi, akapiga vitufe vitatu vinne zaidi. Herufi za Kifaransa zikaingia katikati ya jina la Mungu, ovyo, kama mguu wenye matope kwenye mkeka wa swala, na mstari ukavunjika vipande viwili. Mwili wake wote ulitaka kufuta. Hakuwa amewahi kutuma kitu kama hicho. Akabonyeza tena na kuendelea palepale baada ya uchafu huo, kwa herufi za babu: Soma, mjinga wewe. Wanakungoja mtoni wakuue. Usitoke Kasomeno. Kisha akaachia kitufe, akaandika Kifaransa cha Kalaba.

Kalaba alikuwa amesimama tena. Safari hii Sofia hakuwa amezisikia hatua.

"Iko nini pale?" Kidole chake kilielekeza ukutani, kwenye herufi za Kifaransa zilizokatiza dua. "S, h, j, k... Iko nini?"

"Kidole yangu inachoka, chef. Inateleza ku kitufe."

"Futa basi."

"Ninaisha tuma."

Ilikuwa kweli kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Alikuwa ametuma akizungumza. Kalaba alibaki akiutazama ukuta. Alitoa simu yake, akaielekeza kwenye skrini kubwa, akapiga picha ya mstari wa Kiarabu. Sofia alijua anachofanya. Watoto wa jirani walifanya hivyo kwa maandishi ya makopo ya maziwa ya kutoka Dubai: unapiga picha, simu inakusomea kwa Kifaransa.

Simu ilifikiri. Hakuna mashine iliyofundishwa barua za kwenda Kasongo, Sofia alijiambia. Inatafuta Kiarabu, na hapo Kiarabu hakuna. Hilo alilijua.

Kalaba akasoma kwa sauti, akitafsiri kutoka Kifaransa cha simu: "'Bahari ya sumu... mama wa shoka anauza baridi... nyama ya kusoma.'" Akainua uso. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika ukingo wa meza. "Njo dua ya Hadji hii? Mama wa shoka? Mungu yenu iko na subira, Sofia!"

"Iko Kiarabu ya zamani, chef," alisema. "Simu inajua ya siku hizi."

"Mama wa shoka!"

Ukutani jibu likajitokeza. "Yaya, unasinzia? Bismillahi inakatika ku shingo kama kuku. Babu angekupiga kamuti ku vidole."

Kalaba akacheka tena. Sofia alilazimisha mdomo wake ucheke pamoja naye. Amesimama kwenye kosa, alijiambia. Amelicheka. Je, jicho lake limepita mbele ya kosa, au limerudi barabarani? Nukta ilifika Kasomeno. Haikusimama. Ilipita katikati ya mji, kwenye maduka, na mwisho wa mji ulikuwa mfupi sana kwenye ramani hiyo, unene wa ukucha. Sofia alishika ukingo wa kiti chini ya mapaja yake. Alihesabu maduka asiyoyaona. Duka la mabati mekundu lingekuwa wapi? Lingekuwa hapo?

Nukta ikasimama.

Ilisimama kando tu ya mstari wa kijivu. Haikuingia. Kalaba alikaribia ukuta na kichwa chake kikaziba ramani. Alipoondoka, nukta ilikuwa inarudi nyuma, polepole sana, kama lori kubwa linavyorudi kinyumenyume mahali penye watu wengi. Ikasimama tena katikati ya Kasomeno, sokoni.

"Anafanya nini?" Kalaba alisema. Hakucheka. "Muulize anafanya nini."

Kabla Sofia hajagusa kitufe, ujumbe ukaingia. Ulikuwa mfupi. Ulikuwa kwa herufi za Kiarabu, na Asumani hakuwahi kuandika hivyo kazini. Sofia aliusoma kwa kutupa jicho mara moja tu, kama babu alivyomfundisha, bila midomo kutikisika. Nimesoma. Na wewe toka humo.

"Anasema nini?"

"Amina, chef."

"Kila siku anaandika Amina na herufi ya bazungu. Leo na yenu?"

"Ananichekelea. Anaonyesha anaandika muzuri kunipita."

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Kalaba. Sofia alimwona akifikiri, na kwa namna fulani aliona wazo lenyewe lilipomfikia: macho yake yaliacha ujumbe mpya yakaanza kupanda juu ya skrini, kwenye ujumbe wa jana, wa juzi, kwenye zile dua za siku zote.

Ukutani saa ilikaribia adhuhuri. Katika kampuni hiyo hakuna aliyemuuliza Mwislamu anakwenda wapi wakati wa swala; nayo ilikuwa desturi ya Hadji. Sofia alisimama. Mkoba wake aliuacha juu ya kiti, wazi, kitambaa cha mkono kikionekana, kama mtu anayerudi.

"Ninaenda kutawaza, chef."

Alilazimika kupita nyuma ya kiti chake kufika mlangoni. Kalaba hakugeuka. Alikuwa amepanda mpaka kwenye ujumbe wa jana na alikuwa amekwisha kupiga picha. Sofia alikuwa kwenye ngazi za baraza aliposikia sauti ya mwanamke wa simu, nzuri, safi, ikisoma kwa Kifaransa bila kukwama: kwa jina la Mungu, mwingi wa rehema, aliyetutiishia chombo hiki tusichokiweza wenyewe, na kwake tutarudi. Hakuna shoka wala bahari ya sumu. Dua ilikuwa imesomwa hatimaye.

Kwa hiyo ya leo haikuwa dua, na sasa Kalaba alilijua.

Alipita bomba la maji bila kusimama. Alipita malori. Mlinzi wa lango alimsalimia naye akaitika, bila kuharakisha hatua. Alipokata kona ya ukuta ndipo alipoanza kukimbia, na alipopata teksi hakuweza kumwambia dereva ni wapi. Alimwonyesha kwa mkono tu, mpaka Kamalondo, mpaka mlangoni kwa Hadji. Mkono huo dereva aliutazama. Kidole kidogo kilikuwa kimekunjwa kuelekea chini na hakikutaka kunyooka.

Mengine yalikwenda haraka. Hadji alimsikiliza akiwa amekaa kitandani, akamwomba arudie mara moja, kisha akaomba simu. Jioni hiyo askari waliotoka Kasomeno walikuta majani yaliyolaliwa karibu na kijito, moto uliozimwa kwa mchanga, na maganda ya risasi ya zamani na mapya. Watu hawakuwapo. Ofisini hawakumkuta Kalaba. Alikuwa ameacha maganda ya karanga yamekusanywa vizuri kwenye karatasi. Droo ilikuwa wazi na tupu: alikuwa amechukua simu zote.

Asumani alirudi baada ya siku mbili, nyuma ya malori mengine, na turubai la bluu likiwa limekunjwa ndani. Walikaa kwenye ua, yeye na dada yake, na Mama Angélique akawapikia samaki bila kuombwa. Asumani alijaribu kufanya mzaha kuhusu Bismillahi iliyokatwa shingo, akashindwa katikati. Alisema kwamba alipofika kwenye neno mjinga alikuwa bado anacheka. Alikuwa tayari amewasha taa ya kukata kushoto.

"Kama ungeandika muzuri, yaya," alisema, "ningejibu Amina."

Sofia alikuwa akiwaza simu yake iliyochukuliwa na Kalaba, ndogo, ya vibonye, isiyo na namba ya siri. Ndani yake kulikuwa na jina la Asumani, na la Mama Angélique, na la mwenye nyumba.

Simu ya Asumani ilitikisika juu ya meza, kati ya sahani. Aliiokota, akaitazama, na uso wake ukabadilika taratibu, kama uso wa mtu anayesoma kweli. Kisha akaigeuza ili dada yake aone.

Ujumbe ulitoka kwenye namba ya Sofia. Ulikuwa neno moja, kwa herufi za kizungu, limeandikwa bila kosa.

Amina.